Neno Tunaloimba: Tuanzie Wapi Kulisoma?

Hotuba ya walimu wa kwaya katika ibada ya shukrani ya Jubilei ya Dhahabu

 

 Tumepewa nafasi hii kabla ya chakula, na harufu ya pilau imeshafika hapa ndani, kwa hiyo tutajitahidi tusiwacheleweshe.

Leo neno jubilei liko kila mahali. Liko kwenye bango la langoni, kwenye vitenge vya akina mama, kwenye fulana za vijana na hata kwenye keki. Neno lenyewe limetoka katika Biblia, Walawi sura ya 25. Pale tunasoma kwamba Waisraeli waliamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, kisha mwaka wa 50 wapige baragumu katika nchi yote. Mwaka huo, mtu aliyekuwa ameuza shamba la baba zake kwa sababu ya shida alirudishiwa. Aliyejiuza kuwa mtumishi kwa sababu ya umaskini aliachiliwa, akarudi kwa jamaa yake. Ardhi nayo ilipumzishwa, isilimwe.

Kwa hiyo jubilei ya Biblia haikuwa sherehe ya kuhesabu miaka tu. Ulikuwa mwaka wa kurudi katika urithi. Nasi tulipokaa kuandaa siku hii tuliulizana: urithi wa kwaya ni nini? Si sare, maana hizo tumebadilisha mara nyingi. Si kinanda wala spika. Urithi wa kwaya ni Neno la Mungu. Nyimbo zetu zote zilichumwa katika shamba hilo. Ndiyo maana katika mwaka huu wa 50 tunataka tuzungumze juu ya kurudi shambani: namna ya kuanza kuisoma Biblia, kwa mtu ambaye hajawahi kuisoma kwa utaratibu, na kwa yule aliyeanza akaachia njiani.

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Kila mwanakwaya hapa amewahi kusimama kando ya kaburi akiimba. Tunaimba, udongo unafukiwa, maua yanawekwa. Halafu watu wakianza kutawanyika, mfiwa mmoja husogea akauliza kwa sauti ya chini: maneno yale mliyoimba yanapatikana wapi katika Biblia? Haulizi ili atupime. Anataka kitu cha kushika usiku, wageni wakishaondoka na hema likishang'olewa. Tukimpa mahali pa kusoma, tumempa faraja itakayobaki nyumbani mwake tukiwa tumeshaenda. Wimbo humfikisha mtu mlangoni, na Neno humpa mahali pa kuketi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Hatuwezi kusahau mwaka 2023, pale ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Wengi walikuwa watoto. Taifa zima lilisikia kwamba watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hatulitaji jambo hili kuwahukumu marehemu. Walikuwa Wakenya wenzetu waliokuwa wakimtafuta Mungu. Tunalitaja kwa sababu aliyesoma Injili ya Marko sura ya 5 amekutana na Yesu wa namna nyingine kabisa. Yesu anaingia nyumbani kwa Yairo, anamshika mkono msichana wa miaka 12 aliyekufa, anamwinua, na jambo analoagiza baada ya hapo ni kwamba mtoto apewe chakula. Sura inayofuata anawalisha watu 5,000 nyikani. Msomaji aliyeziona sura hizo mbili kwa macho yake mwenyewe ana kitu cha kumwuliza mhubiri yeyote atakayemwambia amnyime mtoto wake chakula kwa jina la Yesu.

Kusoma Biblia, basi, si pambo la Mkristo aliyeendelea. Ni faraja ya mfiwa na ni ulinzi wa nyumba.

Kwaya haianzi mikono mitupu

Habari njema ni kwamba mwanakwaya anapoanza kusoma, haanzi na sifuri. Maandiko mengi tayari yako kinywani mwake. Kazi iliyobaki ni kuyatafuta mahali yanapokaa.

Tena, Biblia yenyewe inawajua waimbaji. Katika Nyakati wa Kwanza sura ya 25 tunaambiwa jinsi Daudi alivyopanga kwaya ya nyumba ya Bwana chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni. Walikuwa waimbaji 288, wakagawanywa katika zamu 24 za watu 12 kila moja. Zamu zilipigiwa kura, wadogo kwa wakubwa, walimu kwa wanafunzi, bila upendeleo. Wanaogombania nafasi ya mbele wakati wa kurekodi video, someni sura hiyo!

Kitabu cha Zaburi ndicho kitabu cha nyimbo cha kwaya hiyo. Kina zaburi 150, zimepangwa katika vitabu vitano. Ukifungua utaona maandishi madogo juu ya zaburi nyingi, ambayo wengi huyaruka. Usiyaruke. Zaburi 55 zimeandikwa hapo juu kwamba ni za mwimbishaji, yaani mwalimu wa kwaya. Nyingine zinataja ala za kupigiwa. Nyingine zinataja wenyewe, kama Asafu au wana wa Kora, waliokuwa jamaa ya waimbaji. Na neno Sela, linalotokea mara 71 katika Zaburi, wataalamu wengi hudhani ni alama ya muziki, pengine ya kutulia kidogo. Hayo ni maelekezo ya kwaya kama yale tunayoandika kwa penseli kwenye karatasi zetu za solfa.

Bwana wetu naye aliimba. Marko sura ya 14 inasema kwamba baada ya chakula cha mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Usiku ule wa kusalitiwa ulikuwa na wimbo ndani yake.

Kitabu kilichotufikia kwa gharama

Tukumbuke pia kwamba kusoma Biblia kwa lugha tunayoielewa ni neema iliyogharimu. Mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga katika pwani yetu. Mwaka huohuo tena alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Kisha, baada ya kazi ndefu ya kuunganisha tafsiri za Mombasa na Unguja, Biblia ya Union Version ilitoka mwaka 1952, nayo ndiyo wengi wenu mmeishika mkononi leo.

Kutoka meza ya Krapf hadi Biblia ile ni miaka 108. Leo kijana anaipata katika simu yake bila malipo, akiwa ndani ya matatu.

Kiswahili cha Biblia hiyo kina maneno ambayo vijana wetu hawayasikii mitaani, na mengine yana maana tofauti na ya leo. Neno "hata" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi lina maana ya "ilipofika wakati". "Enenda" ni "nenda". "Baragumu" ni pembe ya kupigwa, "akida" ni mkuu wa askari, "towashi" ni mtumishi wa nyumba ya mfalme aliyehasiwa. Ukikwama, linganisha na Biblia Habari Njema ambayo Kiswahili chake ni cha karibu zaidi, au na Biblia ya lugha ya nyumbani kwenu. Mstari usioeleweka kwa Kiswahili mara nyingi hufunguka kwa lugha ya mama. Na wazee wetu, hapo ndipo vijana wanapowahitaji sana.

Tuanzie wapi?

Wengi huanza Mwanzo sura ya 1 wakiwa na bidii ya Januari. Mwanzo inawachukua vizuri, Kutoka inaenda vizuri hadi Bahari ya Shamu, halafu yanaanza maelezo ya hema na mapazia, na wakifika Walawi wanafunga kitabu. Ndiyo maana watu wachache wameisoma jubilei mahali ilipoandikwa! Walawi ni Neno la Mungu, tena tamu, ila si mlango wa kuingilia. Biblia yetu ina vitabu 66. Ni kama nyumba yenye vyumba 66, na mgeni hukaribishwa kwanza sebuleni.

Tunapendekeza uanze na Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, ina sura 16, na mtu akiisoma yote kwa sauti haitamchukua zaidi ya saa mbili. Mambo ndani yake yanakwenda mbio. Soma ukifuatilia swali moja: Yesu ni nani? Katika sura ya 4, upepo unapotulia, wanafunzi wanaulizana kuhusu mtu huyu ambaye hata bahari inamtii. Katika sura ya 8 Petro anajibu kwamba ndiye Kristo, na papo hapo anaonyesha kwamba hajaelewa maana ya jibu lake. Katika sura ya 15 anayemtambua chini ya msalaba ni akida wa Kirumi, mgeni kabisa. Ukifika hapo swali limekugeukia wewe.

Pamoja na kila sura ya Marko, soma zaburi moja. Tumewapangia siku 16:

Siku ya 1: Marko 1 na Zaburi 1
Siku ya 2: Marko 2 na Zaburi 8
Siku ya 3: Marko 3 na Zaburi 13
Siku ya 4: Marko 4 na Zaburi 23
Siku ya 5: Marko 5 na Zaburi 27
Siku ya 6: Marko 6 na Zaburi 42
Siku ya 7: Marko 7 na Zaburi 46
Siku ya 8: Marko 8 na Zaburi 51
Siku ya 9: Marko 9 na Zaburi 88
Siku ya 10: Marko 10 na Zaburi 90
Siku ya 11: Marko 11 na Zaburi 100
Siku ya 12: Marko 12 na Zaburi 103
Siku ya 13: Marko 13 na Zaburi 121
Siku ya 14: Marko 14 na Zaburi 130
Siku ya 15: Marko 15 na Zaburi 22
Siku ya 16: Marko 16 na Zaburi 150

Siku ya 9 itawashangaza baadhi yenu. Zaburi 88 ni ya wana wa Kora, wanakwaya wenzetu, na inaishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Iko katika Biblia hivyo hivyo. Mungu aliacha wimbo wa mtu ambaye bado hajapata jibu ukae katika kitabu cha sifa. Ikiwa mwaka huu umefiwa, au umepoteza kazi, au mtoto hajulikani aliko, zaburi hiyo ni yako, nawe huhitaji kujifanya una furaha ili uruhusiwe kuomba.

Siku ya 15 tumeipanga kwa makusudi. Katika Marko 15, Yesu akiwa msalabani analia kwa maneno yanayoanza Zaburi 22, akimwuliza Mungu kwa nini amemwacha. Soma kwanza Marko, halafu fungua zaburi hiyo uisome hadi mwisho. Utaona wanaomdhihaki mwenye haki, mikono na miguu iliyojeruhiwa, na mavazi yakipigiwa kura. Kisha zaburi inageuka, na mtu yule yule aliyelia anasimama katikati ya kusanyiko akimsifu Mungu, na mataifa yote yanamrudia Bwana. Na juu yake, kwa maandishi madogo, imekabidhiwa mwimbishaji. Kwaya ilipewa wimbo ule mamia ya miaka kabla ya Kalvari.

Ukimaliza siku 16, nenda Matendo ya Mitume sura ya 16, ambapo Paulo na Sila, baada ya kupigwa, waliimba usiku wa manane katika jela ya Filipi. Halafu soma Waraka kwa Wafilipi, sura nne tu, ambao Paulo aliwaandikia watu wa mji huohuo akiwa kifungoni tena. Baada yake soma Ruthu, sura nne nyingine, habari ya wajane wawili na shamba lililokombolewa. Ukitoka hapo utakuwa umeshazoea, na Luka, Matendo na Mwanzo vitakusubiri.

Namna ya kusoma

Mwalimu wa kwaya akitaka kuwafundisha wimbo, hawapi sauti zote kwa siku moja. Alto wanajifunza mstari wao, besi wao, mara kumi, mara ishirini. Lakini mgeni akisikia alto peke yao hawezi kuutambua wimbo. Mpaka sauti zote nne ziunganishwe ndipo maana inapotokea. Mstari mmoja wa Biblia ni kama sauti ya alto peke yake. Ni wa kweli, lakini bado hujausikia wimbo.

Chukueni mifano miwili ya mistari inayopendwa sana, ambayo mnaiona kwenye matatu na kwenye kadi za kuwatakia heri watahiniwa.

Wa kwanza ni Wafilipi 4:13, kuhusu kuyaweza mambo yote kwa nguvu ya Kristo. Rudi nyuma mistari miwili. Paulo anasema amejifunza kuridhika akiwa na kingi na akiwa na kidogo, akishiba na akiona njaa. Mambo yote anayosema ni hayo. Hakuwa akiahidi kwamba kila mtihani utapita na kila tenda utapata. Alisema kwamba Kristo anaweza kumshikilia mtu hata siku ya unga kuisha. Maana hiyo ni kubwa kuliko ile ya kwenye kadi.

Wa pili ni Yeremia 29:11, kuhusu mawazo mema ambayo Mungu anayo kwa watu wake. Ile ilikuwa barua kwa mateka huko Babeli. Mstari unaotangulia unawaambia kwamba itachukua miaka 70. Juu kidogo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na waombee amani ya mji waliopelekwa. Na katikati wanaonywa wasidanganywe na manabii wanaotabiri uongo kwa jina la Bwana. Ndugu zetu, ahadi ile tamu iko jirani kabisa na onyo dhidi ya nabii wa uongo. Anayeung'oa mstari peke yake anaacha onyo nyuma.

Basi kila unaposoma, jiulize maswali manne. Nani anasema hapa? Anamwambia nani? Kabla na baada yake kuna nini? Na leo Mungu ananiitia nini hapa? Swali la nne ndilo tunalolikimbilia sisi sote, na lina haki ya kuulizwa. Lakini lije la nne.

Soma kwa sauti ukiweza. Katika Matendo sura ya 8 kuna mwenzetu Mwafrika, afisa wa hazina ya malkia wa Ethiopia, aliyekuwa akirudi kutoka Yerusalemu akisoma Isaya garini mwake. Filipo alimkimbilia na kumsikia akisoma, maana alisoma kwa sauti. Filipo akamwuliza kama anaelewa. Yule mkubwa wa serikali hakuona haya. Alikiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akampandisha Filipo garini wakasoma pamoja. Alirudi kwao akifurahi. Kuuliza hakukumshusha cheo.

Nawe uwe na daftari dogo. Usipoelewa, andika swali, endelea mbele, kisha mwulize Mchungaji au mwalimu wa mafunzo ya Biblia. Ukikosa siku tatu, usijirundikie sura kama mtu anayelipa deni la mkopo. Anza pale ulipoachia. Neno si mkopeshaji.

Na kwa nyanya na babu ambao macho yamechoka, au ambao hawakupata nafasi ya shule, hamjaachwa nje. Kitabu cha Ufunuo kinaanza kwa kumbariki anayesoma pamoja na wale wanaosikia, kwa sababu kanisa la kwanza lilikuwa na msomaji mmoja na masikio mengi. Mwite mjukuu akusomee sura moja jioni kabla hajarudi kwa simu yake. Wewe utapata Neno, naye atalipata bila kujua kwamba amefundishwa.

Ombi letu kwa Jubilei hii

Tuna maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji harambee.

La kwanza, kuanzia kesho Jumatatu, wanakwaya wote tuanze siku ya kwanza ya ratiba ile. Washirika, mnakaribishwa mtembee nasi. Tukikutana sokoni au kwenye steji, tuulizane: umefika sura ya ngapi?

La pili, kila Jumamosi, kabla hatujapasha sauti, robo saa ya kwanza ya mazoezi iwe ya kusoma. Tutafungua mahali ambapo wimbo wa siku hiyo umetoka, tusome sura nzima, na kila wiki sauti moja iongoze. Besi, msianze kuchelewa sasa!

La tatu liko mkononi mwenu. Katika kitabu hiki cha programu, kando ya kila wimbo tumeacha nafasi tupu. Hatukusahau kuijaza. Tunaomba uijaze mwenyewe. Tafuta sura ambayo wimbo umetoka, uisome, kisha iandike pale kwa kalamu. Na kama kuna wimbo ambao tumetafuta pamoja na tukakosa msingi wake katika Maandiko, tuuzungumze na Mchungaji kabla hatujauimba tena. Kitabu kikijaa, kiweke ndani ya Biblia yako. Siku ya mazishi, mfiwa akikusogelea na kuuliza maneno yale yako wapi, utamfungulia.

Waanzilishi wetu walitukabidhi nyimbo, na tunawashukuru kwa moyo wote. Wengine wamelala, nasi tunawakumbuka leo. Sisi tunataka wale watakaoimba katika miaka 50 ijayo warithi nyimbo hizi pamoja na shamba zilikochumwa. Baragumu limeshapigwa. Turudi katika urithi wetu.

 Sasa karibuni chakula.